Niliacha Kahawa, Nikakosa wa Kunitajia Njia

Assalaam aleikum nyote mliokaa kwenye mabenchi, na nyie mliobaki juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, kama watu wanaotaka kukimbia. Wakubwa zangu, shikamooni. Nimeambiwa nisimame niseme yaliyonikuta, nisiwe mrefu, na nisitaje jina la mtu. Sawa. Tuko ishirini na tatu hapa, nimehesabu mara mbili, na ishirini na wawili wanamjua kila mtu nitakayemficha jina. Wa ishirini na tatu ni mgeni, basi nitamwelezea yeye.

Mgeni wetu, utaratibu wa hapa Masoko ni huu. Sisi tunaochuuza samaki kwa baiskeli, tukitoka kuswali alfajiri tunapita kwanza hapa kijiweni, ndipo tunakwenda dikoni, mashua za wavuvi zinaposhusha samaki, kununua. Unapewa kahawa chungu na kipande cha kashata. Ukimaliza kikombe cha kwanza unataja njia yako mbele ya wote: mimi leo Mpara, mimi Singino. Ukishataja, njia ni yako mpaka jioni, hakuna mwenzako atakayekutangulia kule na tenga lake. Asiyekuja kwa ugonjwa au msiba, muuza kahawa ndiye humtajia. Hakuna karatasi wala muhuri. Kahawa ndiyo ofisi.

Mimi njia yangu ilikuwa Mpara na vitongoji vya ndani, kule kwenye mikorosho. Miaka sita. Kisha nikaanza kupiga hesabu. Hapa kijiweni nilikuwa nakaa nusu saa, siku nyingine zaidi, maana huwezi kunywa kahawa bila kubishana kwanza habari za mpira na za nani kaoa. Nikajiambia, nusu saa hii ningekuwa nimeshafika mbali. Nikazidisha kwa wiki, nikazidisha kwa mwezi, nikapata jibu kubwa. Nikarudia, jibu likabaki lilelile. Ndugu zangu, nawaambia, hesabu inaweza kuwa sahihi na mwenye nayo akawa mjinga.

Nikaacha kahawa. Nikawa napita hapa nje, napiga kengele tu. Siku ya kwanza muuza kahawa wetu akaniita: "Wewe, kikombe chako kinapoa."

"Kinywe wewe, kaka. Mimi nawahi."

"Unawahi wapi?"

"Utajua nikirudi."

"Sikuulizi kwa umbea," akasema. "Nakuuliza kwa kazi."

Nikacheka, nikakanyaga pedali.

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri, sitawadanganya. Wa kwanza dikoni, wa kwanza Mpara. Siku moja samaki wakanibakia kwenye tenga na jua bado bichi, nikaingia njia ya mwenzetu mmoja. Nikakuta akina mama wanasubiri na mabakuli, wakamaliza samaki wote. Kesho yake nikarudi. Nilikwenda siku tano. Sikujua, au niseme ukweli, sikutaka kujua, kwamba mwenye njia kalala na homa, na kwamba njia yake inatajwa hapa kila asubuhi. Wenzangu wote waliiepuka. Nikaingia mimi, ambaye sikuwepo kusikia.

Alipopona alinikuta dikoni. Hakugomba. Alilitazama tenga langu, akasema, "Tenga lako kubwa, kaka. Linaingia njia mbili." Akaenda zake. Ningependa anitukane, hapo ningejua pa kuanzia kujibu.

Haukupita mwezi nikaanguka. Ni pale kwenye mteremko kabla ya Mpara. Baiskeli yangu ilikuja na breki mbili, mimi nikaona moja imezidi, ya mbele ilipoharibika sikuitengeneza. Siku hiyo ikakatika ya nyuma. Mkono wa kulia ukavunjika mahali pawili. Hospitali wakaufunga hogo, wakasema wiki nane. Nikauliza kama haziwezi kuwa sita. Daktari akaniambia, "Baba, hapa hatupatani."

Nikalala nyumbani. Siku ya kwanza hakuja mtu, ya pili hakuja, ya tatu hakuja. Angekuja nani? Hakuna aliyejua nilikwenda wapi wala kama nilirudi. Mkono uliuma, lakini Mpara iliuma zaidi. Kwa kazi yetu, njia iliyoachwa bila neno ni ya atakayeiwahi, na mimi ndiye niliyewaonyesha wenzangu namna ya kuwahi. Ningepona nikute sina pa kwenda. Mke wangu akasema, "Tuma mtu kijiweni." Nikasema, "Akaseme nini?"

Siku ya nne, saa nne asubuhi, nikasikia kishindo uani. Muuza kahawa wetu, aliyekuwa hajasikia kengele yangu kwa siku tatu, alikuwa ameazima baiskeli, na nyote mnajua anavyoendesha. Birika kalifunga kwenye keria, nusu ya kahawa iko kwenye suruali. Akanimiminia iliyobaki. Nikanywa, nikingoja anisute.

"Haya," akasema. "Kesho njia gani?"

"Kaka, huuoni mkono?"

"Nimeuona. Sijauliza mkono. Umemaliza kikombe cha kwanza, taja njia."

Nimeshapatana na watu wagumu wa kila namna, lakini siku hiyo nikabaki nakizungusha kikombe kitupu. Mke wangu akajibu kutoka mlangoni, "Mpara."

"Shemeji, sikuulizi wewe. Aseme mwenyewe."

Nikasema, "Mpara."

"Nimesikia."

Wiki nane zile Mpara ilitajwa hapa kila asubuhi kwa jina langu. Na kwa kuwa samaki hawajipeleki, mmoja wenu alijitolea kuwafikia wateja wangu akishamaliza njia yake. Ni yuleyule niliyeingia njia yake. Kila mlango aliwaambia, "Mimi wa muda tu, mwenyewe anakuja." Nikamwuliza kwa nini ananifanyia hivi. Akasema, "Nataka upone haraka. Wateja wako wanaongea sana."

Niliporudi, bibi mmoja wa Mpara, mteja wangu wa siku nyingi, aliutazama mkono, akawatazama samaki, akauliza, "Yule mwingine haji tena? Maana yeye hakuwa mbishi." Nikamwambia atakuja. Nikamfuata mwenzangu, nikamwomba radhi kwa siku tano zile, nikampa nusu ya njia yangu, upande wa mikorosho. Akakataa nusu. Tukavutana mpaka akakubali robo. Ni mara ya kwanza maishani napatana na mtu, mimi ninayetoa ndiye ninayepandisha.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru mliotoka jasho kwenye njia isiyo yenu, na mke wangu aliyejibu nilipokwama, na muuza kahawa wetu, ambaye sasa hivi anajifanya anapuliza mkaa.

Vijana wenye baiskeli za gia, mtatuacha nyuma, sibishi. Ila kila asubuhi, kabla hujakanyaga pedali, kaa umwambie mtu mmoja unakoelekea, na umsikilize na yeye anakokwenda. Siku usiporudi, huyo ndiye atakayejua pa kuanza kukutafuta.