Msasa, Fundi wa Makombe ya Bahari

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Msasa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, msafishaji wa makombe ya bahari. Alikuwa kitinda mimba. Jina hilo alilipata kwa kazi. Ulimi wake ukalithibitisha.

Alisoma hadi darasa la saba. Akiwa la nne alitumbukiza kwenye tangi la samaki la shule konokono wa bahari mwenye kombe la madoadoa, yule anayechoma samaki kwa mwiba wa sumu na kummeza mzima. Asubuhi tangi lilikuwa tupu. Mwalimu akauliza, "Nani kaleta balaa hili?"

"Si balaa, Mwalimu. Alikuwa na njaa."

Fimbo alizila, na konokono akarudi naye nyumbani.

Mwaka 1972 alianza kazi pamoja na kaka yake. Baba aliwafundisha kufukia kombe mchangani, sisimizi wale nyama taratibu, rangi ibaki. Siku moja kaka, akimharakishia mteja, akalichemsha kombe ambalo marehemu alilipenda kuliko yote. Likapauka kama mfupa. Karakana ikagawanywa kwa ukuta wa mbao, na ndugu hao hawakusemeshana tena.

Alioa mwaka 1981, na bibi harusi akageuka tarishi.

"Shemeji, mwambie mumeo vumbi lake linaniingia machoni."

"Mwambie ayafumbe. Hata yakiwa wazi hayamsaidii."

Marehemu hakuugua. Jumanne iliyopita alimshika konokono hai kwa upande mpana, kama baba alivyowafundisha, kwamba mwiba uko upande mwembamba. Kumbe mwiba hutoka kwenye mrija unaorefuka na kujipinda. Ulimchoma kiganjani. Akagonga ukuta. Kaka, akidhani ni uchokozi wa kila siku, naye akagonga. Marehemu akagonga tena, safari hii kinyonge.

Wanawe wamesema baba yao mkubwa asikanyage hapa. Mjane, ambaye saa ile alikuwa anaingia karakanani na chai, ameomba lisomwe aliloliona: shemeji yake aliuvunja ukuta kwa bega, akampakata mdogo wake hadi mwisho. Neno la mwisho la marehemu lilikuwa, "Usilichemshe."

Ameacha mjane, wana watatu, wajukuu, na kaka, yule pale mwenye bandeji begani. Kombe la konokono yule amelifukia yeye mwenyewe, na sisimizi wako kazini. Tumpishe atie udongo wa kwanza.

Pumzika, Msasa. Halijachemshwa.