Historia ya Mzee Yohana Akuam, Mtunza Mbuzi wa Majaribio

Padre, wazee wetu, majirani wa Ngaremara, na nyinyi mliotembea kwa miguu kutoka Oldonyiro tangu juzi, mimi ni Elizabeth, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba, ndugu zangu wameniomba nipunguze ukali, nami nimepunguza nilipoweza.

Mzee Yohana Akuam alizaliwa mwaka wa 1932 karibu na Oldonyiro, akasoma shule ya misheni hapa Isiolo kutoka 1943 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka wa 1947, akabatizwa mwaka huohuo, kisha akarudi kuchunga mbuzi wa babake. Tarehe 4 Januari 1954 aliajiriwa na ofisi ya mifugo kama mchanjaji, akaifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili bila hata barua moja ya onyo. Alimwoa mama yetu, Veronika Nakiru, tarehe 8 Desemba 1962, wakapata watoto watano, mimi nikazaliwa 1964, na mmoja wetu alitangulia akiwa mchanga.

Tarehe 1 Machi 1976 alihamia kambi ya utafiti wa dawa iliyokuwa nje ya mji, ile ambayo leo imebaki sakafu ya saruji na nyaya, akawa mtunza wanyama. Mwaka wa 1978 tumbo langu lilianza kuvimba, nikaacha shule, na hospitali ikasema ni uvimbe wa maji kwenye ini, ugonjwa tunaoupata kwa mbwa tunaolala nao, tena ulikuwa umekaa mahali ambapo hakuna daktari aliyethubutu kutia kisu. Mkuu wa kambi, Daktari Kiogora, alimwambia baba kwamba kuna vidonge vipya, ila lazima vijaribiwe kwanza kwa mbuzi wa kwetu, ambao wengi wana uvimbe kama wangu, na baba ndiye awatafute, na vikifaa, mimi nitakuwa kati ya wagonjwa wa kwanza.

Sasa nyinyi mnajua desturi yetu Waturkana, kwamba mtu akipatwa na shida huenda kwa marafiki wa mifugo, wale waliopeana wanyama tangu ujana, na akiomba hanyimwi. Mwaka huohuo baba alizunguka Oldonyiro siku kumi na moja, akawaambia ni kwa ajili ya ugonjwa wa mtoto wake, akarudi na mbuzi ishirini na wanne, sita kati yao wakitoka kwa Mzee Lokwang peke yake. Marafiki hao walielewa vile mtu yeyote wa kwetu angeelewa, kwamba mbuzi watachinjwa, mgonjwa aombewe, na watu wote wapate kula, kwa hiyo walifika kambini na visu vyao, wakaketi nje ya ua siku baada ya siku kungoja nyama. Baba hakuwa amewafafanulia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajaelewa.

Walichokiona kinachefua, na nitakisema hapa mbele ya jeneza lake. Mbuzi kumi na wawili walipewa vidonge, na kumi na wawili hawakupewa chochote ili ionekane watakufa vipi, waliokuwa wakiharisha damu waliachwa walale humohumo, na daktari alipokwenda Nairobi wiki mbili, msaidizi wake alimkataza baba kuwamaliza waliokuwa wakilia, akamwambia, "Wewe andika tu." Baba aliandika. Waliokufa walipasuliwa, maini yakatiwa kwenye chupa, nyama ikamwagiwa mafuta ya taa shimoni ikachomwa, na ule moshi uliwafikia wazee waliokuwa wanasubiri kula. Baba alirudi nyumbani, akanitazama tumbo, asubuhi akarudi kazini kuwashika miguu waliobaki.

Vidonge vilifaa. Nilianza kuvimeza tarehe 6 Juni 1981, kufikia Krismasi ya 1982 uvimbe ulikuwa umenywea, na mimi hapa ninasimama na tumbo kama la mtu yeyote. Sitasema kazi ile ilikuwa bure, nitakuwa mwongo, lakini pia sitaiita safi, maana mnyama akiumwa kwa ajili yangu angeweza angalau kupewa maji. Marafiki wa baba walikata urafiki naye tangu siku ya moshi, hakualikwa tena kula nyama na wanaume wenzake, hata Mzee Lokwang, ambaye mjukuu wake alipona kwa vidonge hivyohivyo mwaka wa 1985, alimpita barabarani bila salamu. Hilo nalo linanichefua.

Mwezi wa Agosti 1986 baba alianza kukohoa, uvimbe ukaonekana kwenye mapafu yake, vidonge havikuuweza, na Ijumaa tarehe 13 Machi 1987 ulipasuka akafariki saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Kabla hatujamfunika, Daktari Kiogora aliniomba ruhusa ampasue achukue mapafu, wajue kwa nini dawa ilishindwa. Nilimuuliza kama baba naye atamwagiwa mafuta ya taa. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, kisha nikakubali, kwa sababu huko Oldonyiro kuna wasichana wenye matumbo kama langu lile, lakini kwa sharti kwamba kila kilichotolewa kirudi kwenye jeneza hili, na kwamba daktari mwenyewe asimame kaburini atie udongo wa kwanza kwa mikono yake. Yuko pale nyuma ya mama. Daktari, sogea mbele.

Familia inawashukuru wauguzi waliomsafisha bila kuziba pua, majirani waliotuletea maji na kuni siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa mifugo waliochimba kaburi, madaktari kwa dawa, na wazee wa Oldonyiro kwa mbuzi wenu, samahani imechelewa miaka tisa.

Baba, pumzika kwa amani, uko kamili, nimehakikisha mwenyewe.