Mkono wa Bwana Alionzi Unastaafu

Tarehe 30 Juni, Bwana Alionzi anastaafu baada ya kuitumikia Mizani ya Malori ya Wasafirishaji, Koboko, kwa miaka ishirini na sita. Miwili ya mwisho haikuwamo kwenye mpango wa mtu yeyote, isipokuwa wake.

Aliajiriwa kama mfagizi. Mwaka huo huo panya walitafuna kebo iliyounganisha kompyuta na printa, na kebo mpya ikaja imepungukiwa nyaya mbili: mmoja ambao kompyuta huombea ruhusa ya kutuma, na mwingine ambao printa hujibia kwamba tuma au ngoja. Basi kompyuta ikawa inamwaga maneno bila kuuliza, na printa ikishiba inameza mistari. Lori la mihogo likatoka karatasini na uzito wa mbuzi. Meneja akaagiza Bwana Alionzi asimame mlangoni, kati ya chumba cha kompyuta na cha printa, aitazame printa, kwa muda tu. Mkono ukiwa juu, Prossy wa kompyuta asimamishe. Ukiwa chini, atume.

Katika muda huo mfupi alipandishwa cheo kutoka Ishara Msaidizi hadi Ishara Mkuu, akapelekwa Arua kwa semina ya bega. Alipokwenda likizo tuliweka watu wawili mahali pake. Mmoja alichoka, mwingine akawapungia mkono wapita njia, na ripoti ya wiki nzima ikaharibika. Kwenye harusi moja Mvara, mjomba wa bwana harusi alipokuwa katikati ya hotuba, Bwana Alionzi aliinua mkono. "Ngoja kwanza! Tumbo ya watu iko imejaa." Mjomba akakaa. Tangu hapo hajakosa mwaliko wa harusi.

Miaka miwili iliyopita ikaja barua yake ya kustaafu, ambayo nayo ilibidi ipite kwenye printa ile ile. Kila jina lake lilipoanza kutoka, mkono ulipanda, na Prossy akasimamisha, maana kanuni ni kanuni. Nusu barua haimstaafishi mtu. Tulimtania kwamba anapenda mshahara, lakini sivyo. Aliogopa kufika kijijini kwake Pajulu akute hakuna anayeungoja mkono wake.

Juma lililopita mkewe, Bi Mindra, aliyelima peke yake miaka yote hii, alishuka Koboko mwenyewe. Akaenda moja kwa moja mlangoni, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akauteremsha.

"Mzee, mimi iko nangoja wewe zamani," akamwambia. Kisha kwa Prossy: "Binti, tuma yote sasa."

Barua ikatoka mpaka mstari wa mwisho. Bwana Alionzi akalia, nasi tukalia naye.

Kebo kamili imeagizwa. Hadi ifike, nafasi mbili za kazi ziko wazi. Ishara Mkuu, asante kwa kila mzigo uliofika karatasini ukiwa mzima. Tunakuombea afya na mapumziko marefu. Nawe Bi Mindra, tunakurudishia mume wako akiwa salama. Sisi tulikuwa tukitumia mkono mmoja tu.