Mama Uzi na Jozi Iliyobaki Kabatini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, ofisa wetu wa elimu vijijini anastaafu. Jina lake la kwenye faili halijulikani mashambani. Kule ni Mama Uzi, na ukimwulizia kwa jina lingine utazungushwa kutwa nzima.

Jina alilipata kazini. Shirika letu lilipoanza kuwapa watoto wa wakulima viatu vya shule, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akipima nyayo kwa uzi. Mwaka wa kwanza alipima wakati wa palizi, viatu vikafika baada ya mavuno. Miguu haikuwa imengoja. Jozi mia na kumi zilibana, wazazi wakamcheka mpaka naye akacheka. Tangu hapo kila uzi aliuongezea upana wa vidole viwili.

Palizi ilipopunguza wanafunzi darasani, hakuwahubiria wazazi. Alishika jembe, akapalilia mstari mmoja, ndipo akamwomba mama mwenye shamba amwachie mtoto walau asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba. Mmoja wa waliobanwa na viatu mwaka ule ndiye mkuu wake wa kazi leo, na bado hukemewa mbele yetu akichelewa.

Lakini jozi moja haikuchukuliwa. Msichana wa darasa la nne, hodari wa hesabu, alihama na wazazi wake waliofuata vibarua vya mashamba ya mbali, siku tatu kabla ya viatu kufika. Kwa miaka kumi na tisa Mama Uzi amemwulizia kila kijiji alichokanyaga. Kila alipoambiwa hapana, alirudi ofisini, akavipangusa vile viatu vumbi, akafunga kabati. Sisi tulijifanya tuna kazi nyingi.

Wiki iliyopita, akikabidhi ofisi, tulidhani atavichukua. Ameviacha, na uzi umo ndani ya kiatu cha kushoto. Alisema anajua mguu umeshakua, na mwenyewe huenda ni mama wa watu sasa. Siku akipatikana, aulizwe tu kama watoto wake wanasoma.

Ahsante, Mama Uzi. Hujaondoka na upweke tumeshauonja. Kapumzike na wajukuu, tukikuombea afya na siku nyingi za furaha.

Jana tulifika kijiji kipya. Tumemwulizia yule msichana.