Maji ya Kuoga na Nyanya za Fundi Viatu

Fundi viatu aliketi kando ya binti mmoja kwenye basi la asubuhi, na kabla kiti hakijapata joto akaanza kumwaga ya moyoni.

"Mtaani kwetu amekuja msichana wa kujitolea, wa mambo ya mazingira. Ameniharibia mke! Siku hizi naoga nimesimama ndani ya beseni ili maji yasipotee. Anayatumia kunyweshea nyanya."

Binti aligeukia dirisha. Ni yeye aliyemfundisha mama huyo, miezi mitatu nyuma, uani kwake, fundi akiwa kazini.

"Na hizo nyanya, baba, zimestawi?" alijikaza kuuliza.

"Zimestawi mno! Hapo ndipo ninapokasirika. Jirani anakuja kuomba mbili tatu, anazisifu utamu, nami kimya, maana najua zimekunywa nini."

Binti alitaka kucheka, akataka na kujivuna, akaishia kuuma midomo.

"Nasikia kesho anarudi, safari hii kwa habari ya choo. Namsubiri mlangoni mwenyewe. Na wewe, binti yangu, unafanya kazi gani?"

Basi likasimama.

"Nashuka hapa, baba," alisema, ingawa kituo chake kilikuwa bado vituo viwili mbele.