Kitabu cha Upande wa Kushoto

Jioni hiyo kwenye benchi la Gundi, fundi viatu, kazi ilikuwa imelala. Viatu vya watu viko chini, birika la kahawa linafuka, mwenyewe kaikodolea simu macho mpaka yanatoa machozi. Binti yake kaandika kitabu, wa kwanza katika ukoo mzima, kamtumia kwenye simu, na kesho kinakwenda kuchapwa. “Baba, sikipeleki bila neno lako,” alimwambia. Sasa neno litoke wapi, jamani? Kurasa zile zimepangwa kwa karatasi kubwa, hazijui kujikunja. Akiziacha nzima, herufi ni sisimizi watupu. Akizikuza, nusu ya kila mstari inatoka nje ya kioo. Akiivuta nusu hiyo irudi, hajui tena alikuwa mstari gani. Basi wiki nzima kasoma upande wa kushoto tu, wa kulia anauota.

— Soma tena, akasema Antena, fundi redio.

— “Mama alifungua dirisha, akaona…” Hapo pamekatika.

— Mvua, akasema Brashi, mchora mabango. Kaona mvua.

— Mvua gani! akadakia Antena. Kaona mji mzima umewashwa taa, na ndani hamna mtu.

— Ebo! Antena kashapaa na ndoto zake huyo.

— Ilaze simu kwa ubavu, Gundi, akasema Antena. Maneno yamemwagika pembeni tu.

Gundi akailaza. Herufi zikanenepa kidogo, macho yake bado yakagoma.

— Ukurasa ni ukuta, akasema Brashi. Bango langu halisogei, msomaji ndiye anarudi nyuma. Kaiweke simu ng’ambo ya barabara!

— Nikasome kwa darubini? Acha utani wako.

— Iko siku, akasema Antena taratibu, maandishi yatakuwa maji. Unayamimina kwenye simu, yanakaa. Kwenye saa ya mkononi, yanakaa. Hata kwenye tundu la sindano.

Gundi aliyaona kabisa maneno ya mwanawe yakitiririka mtaani, yakiingia kila mlango bila kubisha. Raha iliyoje! Lakini kesho ilikuwa palepale, naye neno hana.

Mwanamke mmoja aliyeleta kiatu kilichoachia soli alikuwa amesimama anawasikiliza.

— Samahani, baba. Kwani huyo binti hawezi kukusomea?

Wakatazamana. Brashi akakohoa. Antena akachungulia kikombe chake, kumbe kahawa imekwisha.

Gundi akapiga simu, akaiweka kwenye sauti ya nje.

— Baba! Wiki nzima kimya. Nikajua kimekuudhi, nimelia mpaka basi.

Moyo ulimuuma Gundi.

— Kiniudhi wapi, mama! Kitabu chako kipana kuliko simu yangu. Nimekisoma nusunusu, nikaona aibu kukwambia.

Binti akacheka huku akivuta kamasi.

— Sasa nianzie wapi?

— Mwanzo, mwanangu. Na kila mstari uumalize.

Mwanamke akavuta kigoda, akaketi. Binti akakohoa kidogo, akaanza kusoma.