Wimbo Uliokaa Rafu ya Rambirambi

Shangazi wetu wa maktaba ya nyimbo atarudisha ufunguo tarehe thelathini ya mwezi huu wa Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Anaondoka akiwa ametimiza miaka sitini, siku ileile aliyowekewa na sheria. Tunalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu hapa kwenye kituo chetu cha redio si jambo la kila siku. Mkurugenzi wetu, kwa mfano, amemzidi Shangazi umri, tena si kidogo, lakini mkataba wake huongezwa kila mwaka kwa kuwa mrithi bado anatafutwa, na anayemtafuta ni yeye mwenyewe. Naye pia humwita Shangazi. Wapo wanaosema ni heshima, na wapo wanaosema ni namna ya kujipunguzia miaka.

Shangazi alianza kama mpiga chapa katika chumba cha habari. Hakukaa sana. Siku moja kwenye kikao cha wafanyakazi aliuliza, kwa adabu zake zote, kwa nini taarifa ya habari huanza na mtu yuleyule kila siku, hata siku ambazo mtu huyo amelala kwao na mafua. Wakubwa wakaona huyu dada anahitaji mahali pa utulivu, wakampeleka maktaba ya nyimbo. Walisahau kwamba kelele zote za dunia zimehifadhiwa mle.

Maktaba yenyewe ni chumba kirefu chini ya ngazi, chenye dirisha moja linalotazama maegesho ya magari. Shangazi alizifuta santuri vumbi kwa soksi. Kila soksi iliyompoteza mwenzake nyumbani kwake ilipata ajira hapa kituoni, na mumewe amewahi kuja getini mguu mmoja mweusi, mguu mmoja wa kahawia, kuulizia ndugu zake waliopotea.

Humo ndimo kilimozaliwa kipindi cha Chaguo la Msikilizaji, kila Jumamosi alasiri. Barua na jumbe zake zote zilipitia mezani kwangu, maana kazi yangu ni kufungua za wasikilizaji. Fundi mitambo wa kipindi alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu. Kulikuwa na taa nyekundu ya kumwashiria mtangazaji, lakini Shangazi na mume wangu hawakuiamini. Mume wangu aligonga kioo cha studio kwa pete yake ya ndoa, mara moja tu, na Shangazi akaanza.

Wasikilizaji walituandikia kutoka pembe zote za dunia: muuguzi wa zamu katika nchi ya theluji, baharia aliyeko bandari asiyoijua jina, mwanafunzi aliyepanga chumba juu ya duka la nyama. Wengi hawakuomba nyimbo za kuchezea. Waliomba za wachimba migodi waliogoma, za wanawake waliokaa barabarani mpaka bei ya mkate ikashuka, za watu waliotaka tu kura zao zihesabiwe. Nilipozisoma barua hizo niliona kwamba watu wa mbali wana matatizo ya karibu.

Shida ilikuwa Kamati ya Maadili. Kila wimbo ulipaswa kupewa rafu kabla ya kupigwa, na rafu zilikuwa tano: Mapenzi, Dini, Kazi, Watoto na Rambirambi. Ya siasa haikuwepo. Tulielezwa kwamba siasa tayari ina nafasi yake, kwenye taarifa ya habari. Kwa kuwa nyimbo hizo zilikuwa za lugha za kigeni, wajumbe walimwita Shangazi awaeleze maana. Naye hakuwahi kuwadanganya. Aliwaeleza kwa ufupi tu. Wimbo wa umati unaoandamana kwenda ikulu aliueleza kuwa ni watu wanaokwenda kumtembelea mkubwa wao, ukapata Dini, kwa sababu walikuwa wakiimba kwa pamoja. Wimbo wa taifa zima likimwambia mtawala basi yatosha, aliueleza kuwa ni mtu anayemwambia mwenzake waachane. Mapenzi hayo. Wachimba migodi walipewa Kazi, ingawa wimbo wote ulihusu kutoifanya. Na wimbo wa akina mama wanaouliza watoto wao walipelekwa wapi uliwekwa kwenye rafu ya Watoto, ukapigwa asubuhi kwa watoto wa shule. Huo Shangazi hakuucheka hata siku moja.

Wananchi, kama kawaida yao, walielewa. Fumbo mfumbie mjinga. Lakini si wote, na tulipata barua ya maharusi walioingia ukumbini kwa wimbo wa mgomo wa reli. Waliandika kutushukuru. Ndoa yao ilikuwa imara, walisema, na hakuna upande uliokubali kushuka.

Sasa nifike kwenye wimbo wenyewe. Uliimbwa na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya kituo, mtu mpole, mwenye gitaa lenye nyuzi tano kwa sababu wa sita ulikatika na akazoea. Aliuita Mzee Pumzika. Unamwambia mzee, kwa heshima, kwamba amebeba vya kutosha, ashushe mzigo, wenye mabega wapo. Kila mtu mtaani alimjua mzee anayeambiwa, na kiti chake, na muda aliokikalia. Shangazi aliupeleka kwa Kamati akiwa amejiandaa kuutetea. Wajumbe walisikiliza mpaka kwenye neno pumzika, mmoja akatoa kitambaa akafuta macho, na mwenyekiti akasema ni wimbo mzuri mno wa msiba. Shangazi akafunga mdomo. Ni mara pekee tunayoikumbuka.

Basi ukawekwa rafu ya Rambirambi, na tangu hapo ndio uliofungua matangazo ya vifo, kila siku saa saba mchana. Nchi nzima ikawa inauimba mchana kweupe bila kukatazwa na mtu. Mwanzoni watu walipunguza sauti za redio wakatabasamu. Miaka ikapita, tabasamu likaisha. Wakabaki wanaosikia msiba tu. Watoto waliozaliwa baadaye wakiusikia huuliza nani amekufa.

Fundi cherehani alikuwa akija maktaba kila mwaka, na siku moja alisema jambo ambalo Shangazi hakulisahau. "Shangazi, wimbo huu niliutunga uamshe watu. Nyie mnauzikia." Hakusema kwa hasira. Alikuwa amekuja na suruali ya mume wa Shangazi aliyoipunguza kiuno, akaiweka mezani, akaenda zake. Shangazi akamfuata mpaka kwenye ngazi akamwahidi kwamba kabla hajarudisha ufunguo, wimbo ule utapigwa kwa maana yake, naye akiwa hai wa kuusikia.

Mwaka jana mume wangu alifariki. Jina lake lilisomwa saa saba mchana, baada ya wimbo huohuo. Alikuwa akinitania akisema akitangulia nisikubali wampigie, kwa sababu hajawahi kuwa mkubwa wa mtu yeyote, hata mimi mkewe sikumtii. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na shemeji zangu, nikacheka, wakadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Shangazi peke yake alijua ninachocheka. Alinishika mkono, akacheka pia, halafu tukalia vizuri.

Mwaka huu fundi cherehani naye akaanza kuumwa, haendi tena cherehani, na Shangazi amebakiza miezi. Hapo ndipo Mkurugenzi alipopata wazo. Aliona redio za nje zinawauliza wasikilizaji wao wa dunia nzima wachague wimbo bora wa siasa na upinzani, akasema na sisi tufanye. Hakuona hatari. Alivyoelewa yeye, upinzani ni kitu kinachotokea nje.

Kura zilijaa meza yangu, zikajaa na kiti, nikawa nafanya kazi nimesimama. Wachimba migodi walipata nyingi. Akina mama wa watoto waliopotea walipata nyingi pia. Lakini wimbo wa kwanza, kutoka kwa muuguzi wa theluji mpaka kwa baharia, ulikuwa Mzee Pumzika. Walioondoka nyumbani zamani walikuwa bado wanaukumbuka kabla haujafiwa.

Kamati ya Maadili ilikaa. Wakisema si wimbo wa upinzani, itabidi waeleze kwa nini dunia nzima imekosea na wao wamepatia. Wakisema ni wa upinzani, itabidi waeleze ni nani aliyekuwa akiupinga utawala kila siku saa saba mchana, kwa mitambo ya serikali. Mwishowe wakaamua matokeo yatangazwe lakini wimbo usipigwe, kwa heshima ya marehemu. Walipoulizwa marehemu yupi, mwenyekiti alisema marehemu wote.

Shangazi hakubishana. Hapa kituoni kuna desturi kwamba anayestaafu huchagua wimbo mmoja wa kuagia, na wimbo huo haupiti kwa Kamati. Hupita kwa Mkurugenzi tu, kama zawadi. Akapanda ghorofani. Akamwambia Mkurugenzi kwamba yeye sasa ni mzee, anakwenda kupumzika, anaomba wimbo unaofanana na hali yake, Mzee Pumzika. Mkurugenzi aliguswa. Alisema huo hasa ndio unaomfaa, akatia saini papo hapo, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho. Wafanyakazi tulijaa koridoni chini ya kipaza sauti, na Mkurugenzi akashuka kujumuika nasi. Mimi Shangazi alinitaka chumba cha mitambo, pembeni ya fundi mpya. Taa nyekundu ikawaka. Shangazi hakuanza, akatazama kioo. Fundi mpya akaiwasha tena, akidhani imeharibika. Pete ya mume wangu huwa naivaa kwenye cheni shingoni. Nikaitoa, nikagonga kioo mara moja.

Shangazi akasema, "Wimbo huu si wa msiba. Aliyeuimba yu hai, na mzee anayeimbiwa yu hai. Anaombwa ainuke kitini, basi. Leo naupokea mimi, kwa sababu miaka yangu imetimia. Kama yuko mwingine anayeona unamhusu, karibu, tupumzike wote."

Gitaa la nyuzi tano likaingia. Koridoni watu walisimama, na Mkurugenzi akasimama, akaimba, maana anaujua kwa moyo. Amehudhuria mazishi mengi. Kwenye ubeti wa pili watu waliacha kukitazama kipaza sauti cha ukutani wakaanza kumtazama yeye. Kwenye ubeti wa tatu aliimba kwa sauti ndogo zaidi. Kwenye wa nne hakuimba. Baadaye alimpongeza Shangazi hadharani, akasema anatumaini wengine watauiga mfano wake wa kuondoka kwa wakati. Kulikuwa na kikohozi kingi. Ameniomba niandike hapa kwamba naye aliufurahia wimbo. Nimeandika.

Jumatatu alikuja binti wa fundi cherehani. Alisema baba yake aliusikiliza akiwa amekaa, mara ya kwanza kukaa bila kushikwa tangu ugonjwa uanze, na alipokwisha akamtuma aje kwa Shangazi na maneno haya: "Mwambie ahsante. Na mwambie nikifa wanipigie wimbo mwingine. Huu umeshafufuka, wasiurudishe kaburini."

Kwa hiyo tangu Jumatatu matangazo ya vifo yanafunguliwa kwa kinanda kisicho na maneno. Kamati imeona ni salama zaidi. Maktabani, chini ya rafu ya Rambirambi, Shangazi ameongeza ubao mmoja. Juu yake ipo santuri moja, na chini yake kibao ambacho hakijaandikwa kitu. Anayempokea atajua jina la kuandika, au ataogopa, na hilo litakuwa lake. Soksi amemwachia.

Shangazi, ahsante kwa Jumamosi zote, kwa utani wako, na kwa mkono ulionishika pale mkekani. Mumeo apate sasa kuvaa soksi za rangi moja. Tunakutakia siku nyingi, afya, na redio yenye betri. Nenda kapumzike, nasi leo tunalisema neno hili kwa maana yake ya kwanza.